Usonji Hauji Peke Yake

Mpwa wangu alikuwa na miaka mitano alipoanza kugonga kichwa ukutani kila jioni. Hakuwa mtoto wa kusema. Maneno yake yote wakati ule yangehesabika kwa vidole, na hata moja halikuwa la kueleza maumivu. Dada yangu alimpeleka hospitali mara tatu, na mara zote tatu akarudi na jibu lile lile: huyu ana usonji, na watoto wa usonji ndivyo walivyo. Akashauriwa aweke mto pale ukutani.

Mara ya nne zamu yake iliangukia kwa daktari aliyemlaza mtoto kitandani, akampandisha shati na kumbonyeza tumbo taratibu huku akimtazama usoni. Upande wa kushoto, chini ya kitovu, palikuwa pagumu kama ngumi. "Mama, mara ya mwisho amepata choo lini?" Dada akaanza kuhesabu, akasita. Zilikuwa siku tisa. Akapewa dawa ya kulainisha choo, maji yakaongezwa, na kila baada ya kula mtoto akawa anakalishwa chooni kwa dakika chache. Baada ya wiki tatu hivi ukuta ukapumzika. Usonji wake ulibaki vile vile: bado alipanga vifuniko vya chupa kwa mstari ulionyooka kuliko rula, bado alikimbia akisikia blenda. Kilichoondoka ni maumivu ambayo watu wazima wote wa nyumba ile, mimi mjomba wake nikiwamo, tuliyaita usonji kwa miezi kadhaa.

Nimeanza na tumbo makusudi. Usonji huelezwa mara nyingi kana kwamba unaishi peke yake ndani ya mtu, wakati watu wengi wenye usonji wana angalau jambo jingine moja la mwili au la akili linaloandamana nao. Na mara nyingi hilo jingine ndilo linaloharibu siku, ndilo linalotibika, na ndilo lisiloonekana, kwa sababu jina la usonji limeshatangulia na kukaa mlangoni.

Usonji wenyewe

Neno la kitaalamu la usonji linalotumika katika lugha nyingi, autism, lina asili ya Kigiriki: autos, yaani "nafsi". Eugen Bleuler, daktari wa Uswisi, alilitumia mwanzoni mwa karne ya 20 kuwaelezea wagonjwa wa skizofrenia, maradhi mazito ya akili, waliojifungia ndani ya mawazo yao, jambo tofauti kabisa na hili la leo. Mwaka 1925 Grunya Sukhareva, daktari wa akili za watoto huko Moscow, aliwaeleza wavulana sita ambao leo wengi wangesema walikuwa na usonji, lakini kazi yake ilikaa miongo mingi bila kusomwa sana nje ya nchi yake. Walioshika masikio ya dunia ni wawili waliofuata: Leo Kanner wa hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, aliyechapisha habari za watoto 11 mwaka 1943, na Hans Asperger wa Vienna, aliyeandika juu ya wavulana wanne mwaka 1944. Jina la Asperger lilipewa aina moja ya usonji kwa muda mrefu. Siku hizi wengi wameliacha, na sababu mojawapo ni ushahidi uliotolewa mwaka 2018 kwamba alishirikiana na utawala wa Wanazi kwa kupeleka watoto wenye ulemavu kwenye kituo ambako watoto waliuawa.

Mtoto wa kwanza katika orodha ya Kanner aliitwa Donald Triplett, wa mji mdogo wa Forest, Mississippi. Kabla ya kumfikisha kwa daktari, baba yake aliandika barua ya kurasa 33 kueleza tabia za mwanawe. Donald akakua, akafanya kazi benki, akacheza gofu, akasafiri nchi nyingi, na akafariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Kuna kisa chake ambacho nakipenda kuliko nadharia nyingi. Siku moja vijana walimwuliza jengo la shule lina matofali mangapi. Akalitupia jicho, akataja idadi hapo hapo, na kwa miaka mingi mji ukaamini ana kipaji kisicho cha kawaida. Alipokuwa mzee alikiri kuwa idadi ile aliibuni tu, kwa sababu alitaka wale vijana wamwone wa maana. Huyu ndiye mtoto aliyeandikwa katika ripoti ya Kanner kuwa haoni haja ya watu.

Utambuzi wa leo unasimama juu ya mambo mawili, na yote mawili lazima yawepo tangu utotoni. La kwanza ni tofauti katika kuwasiliana na kuhusiana na watu: kusoma uso, kupokezana mazungumzo, kujua kwamba "unaweza kunipa maji?" ni ombi wala si swali la uwezo. La pili ni kurudiarudia na kushikilia: mwendo wa mwili unaojirudia, utaratibu usiotakiwa kuvunjwa, mapenzi mazito kwa jambo moja, na milango ya fahamu inayopokea mno au inayopokea kidogo mno. Hilo la milango ya fahamu liliingizwa rasmi katika vigezo vya Marekani mwaka 2013 tu, ingawa ukiwauliza watu wenye usonji wenyewe, wengi watalitaja kabla ya yote.

Fikiria darasa. Taa ya mrija inavuma, kiti kinaburutwa, lebo ya shati inakwaruza shingo, sakafu inanuka dawa, mwalimu anaongea. Ubongo wa wengi huyapembua hayo na kubakiza sauti ya mwalimu. Kwa mtoto mwenye usonji yote yanaingia kwa uzito mmoja. Saa nne asubuhi yuko kimya, anajikaza. Saa tisa akifika nyumbani anapewa kikombe kisicho chake, na nyumba nzima inasikia kilio. Familia inasema tatizo ni kikombe, kumbe analilia kutwa nzima. Ndiyo maana kilio hiki hakifanani na cha mtoto anayedeka. Anayedeka huchungulia kama anatazamwa, na akipata alichotaka hunyamaza. Aliyezidiwa, hata ukimletea kikombe chake, hanyamazi, kwa sababu mwili umeshapita pale pa kujizuia. Anachohitaji ni giza kidogo, ukimya, na mtu asiyemwuliza maswali.

Tofauti ya mawasiliano nayo ina pande mbili. Damian Milton, mwanasosholojia wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba watu wenye usonji hupata taabu kuwaelewa wasio nao, na wasio nao hupata taabu hiyo hiyo kuwaelewa wao, ila ni upande mmoja tu unaoitwa wenye kasoro. Tafiti zilizofuata zimeona kuwa watu wenye usonji wakizungumza wao kwa wao mara nyingi huelewana vizuri.

Watu husema usonji ni wigo, na wengi wao huwaza mstari: huku mwepesi, kule mzito. Mimi huona bao lililo katikati ya mchezo. Shimo moja lina kete kumi, la pili mbili, la tatu ni tupu, na ukizijumlisha zote hujajua lolote kuhusu mchezo. Kuna anayezungumza kama mwanasheria lakini hawezi kupanda basi lenye watu. Kuna asiyetamka neno lakini anasoma na kuelewa kila kinachosemwa mbele yake, yakiwamo yale yanayosemwa juu yake.

Lawama zilizokwisha kuthibitika kuwa si za kweli

Hapa sitakawia. Katikati ya karne iliyopita akina mama walilaumiwa kuwa ubaridi wao ndio ulioleta usonji, na Bruno Bettelheim, mwandishi wa masuala ya watoto huko Marekani, alilieneza wazo hilo mpaka likawa kama elimu. Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa na mtoto mwenye usonji, alilipinga kwa hoja mwaka 1964. Mwaka 1977 watafiti Susan Folstein na Michael Rutter walichunguza jozi 21 za mapacha na kuonyesha kwamba urithi una nafasi kubwa. Leo tunajua jeni nyingi zinachangia, pamoja na baadhi ya mambo ya wakati wa ujauzito na kuzaliwa.

Chanjo haziletei mtoto usonji. Ripoti ya mwaka 1998 iliyozua hofu ilihusu watoto 12 tu; jarida lililoichapisha liliifuta mwaka 2010, na mwandishi wake mkuu akafutiwa usajili wa udaktari Uingereza mwaka huo huo. Utafiti wa Denmark uliotoka mwaka 2019 uliwafuatilia watoto zaidi ya 650,000 na haukuona uhusiano wowote kati ya chanjo ya surua na usonji.

Namna unavyotambuliwa

Hakuna kipimo cha damu cha usonji, wala picha ya ubongo inayouonyesha. Mtaalamu husikiliza historia ya mtoto tangu kuzaliwa, humtazama akicheza na kuwasiliana, huuliza nyumbani na shuleni, kisha hulinganisha na vigezo. Vipo vipimo vya kuongoza kazi hiyo, lakini hakuna kinachosimama peke yake. Kabla ya yote, mtoto asiyesema au asiyeitikia lazima apimwe masikio. Ni hatua ndogo inayorukwa mno, na mtoto asiyesikia vizuri akaishia kupewa jina lisilo lake.

Wazazi wengi hukutana kwanza na dodoso. Linalotumika sana lina maswali 20 na ni la watoto wa miezi 16 hadi 30. Dodoso ni chekeche tu. Linasema "huyu achunguzwe zaidi", halisemi "huyu ana usonji". Nimeona wazazi wakilia usiku kucha kwa sababu ya dodoso walilojaza kwenye simu, na nimeona wengine wakitulia kwa miaka kwa sababu lile lile liliwapa alama nzuri. Wote wawili walilipa uzito usio wake.

Swali mojawapo katika madodoso ya namna hii ni la kidole, nalo linastahili kuelezwa. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu ananyoosha kidole kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kutaka: anaonyesha chupa iliyo juu ili apewe. Ya pili ni kushirikisha: anaonyesha ndege angani, kisha anageuka kukutazama wewe, kuhakikisha nawe umemwona. Hataki kupewa ndege. Anataka muwe wawili katika kumtazama. Mtoto mwenye usonji anaweza kuwa na kidole cha kwanza akakosa cha pili, au akakosa vyote na badala yake akakushika mkono na kuupeleka kwenye chupa kana kwamba mkono wako ni kijiko. Kutoitikia jina akikaribia kutimiza mwaka ni dalili nyingine. Na mtoto aliyekuwa na maneno kisha yakapotea hasubiriwi hata mwezi mmoja, apelekwe akachunguzwe.

Mtaalamu mwenye uzoefu anaweza kutambua usonji kwa uhakika mtoto akiwa na miaka miwili. Kinachochelewesha ni foleni, uhaba wa wataalamu, na ile kauli ya "ngoja, watoto wa kiume huchelewa kusema". Msaada wa mawasiliano hauhitaji kungoja cheti. Mtoto asiyesema anaweza kuanza kusaidiwa leo, jina la hali yake litakuja baadaye.

Katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, unaofahamika kama DSM, majina ya zamani yaliunganishwa mwaka 2013 kuwa moja, na pakawekwa ngazi tatu za kiasi cha msaada anaohitaji mtu. Ngazi hizi hueleweka vibaya. Mtu yule yule anaweza kujitegemea akiwa amelala vizuri mahali anapopajua, na akashindwa hata kuvaa viatu baada ya wiki ya usiku wa kukesha. Ukiambiwa ngazi, uliza: msaada katika jambo gani, na siku ya namna gani?

Idadi ya wanaotambuliwa imepanda sana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 takriban mtu 1 katika kila 127 alikuwa na usonji. Marekani, katika maeneo 16 yaliyofuatiliwa mwaka 2022, ilikuwa mtoto 1 katika kila 31 wa miaka minane. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo inatokana na vigezo kupanuliwa, walimu na madaktari kujua cha kutazama, na watu waliokuwa wakipitwa kuanza kuonekana. Waliopitwa zaidi ni wasichana na watu wazima. Msichana anayemwiga mwenzake jinsi ya kucheka, anayefanya mazoezi ya mazungumzo mbele ya kioo, anayekaa kimya asiulizwe, huitwa mwenye haya. Kujificha huko kuna gharama: uchovu usioisha, na mara nyingi sonona. Wengi hutambuliwa wakiwa na miaka 30 au 40, na si haba wanaopata jibu lao wakiwa wamekaa pembeni ya mtoto wao anayepimwa, wakisikia maswali yote yanawahusu wao.

Mtoto anaitwa, haitiki

Niichukue picha hii moja, kwa kuwa ndani yake fundo lote linaonekana. Mtoto wa miaka saba mwenye usonji yuko sebuleni. Unamwita mara tatu. Haitiki. Kwa nini?

Huenda amezama katika anachofanya, na sauti yako haijapata pa kuingilia. Huo ni usonji wenyewe. Ukimsogelea, ukaingia mahali anapoona na kugusa anachokishika, atatoka taratibu.

Huenda alikusikia, akainuka kukujia, na njiani akaona kitu kingine, kisha kingine. Hiyo inaelekea kwenye ADHD, hali ya kukosa umakini na utulivu. Mpaka mwaka 2013 mwongozo wa DSM ulikataza mtu mmoja kupewa majina haya mawili kwa pamoja. Leo tunajua ADHD ni miongoni mwa hali zinazoandamana sana na usonji. Anayeishi na zote mbili huvutwa huku na huku. Upande mmoja wake unataka kila siku iwe kama jana, upande mwingine unachoshwa na jana hiyo hiyo. Anaandika ratiba kwa upendo, kisha hawezi kuifuata, na anajichukia kwa hilo. Dawa za ADHD humsaidia mtu wa namna hii pia, ingawa daktari huanza na kiasi kidogo na kuangalia kwa makini, maana madhara hujitokeza zaidi kuliko kwa wengine.

Huenda alisimama ghafla katikati ya tendo, macho yakaganda, kope zikapepesa, na baada ya sekunde chache akaendelea pale pale alipoachia, bila kujua kuwa kuna kilichopita. Hiyo inaweza kuwa kifafa. Kifafa si degedege la kuanguka peke yake. Kinawapata watu wenye usonji mara nyingi kuliko watu wengine, zaidi wale wenye ulemavu wa akili, na huwa na nyakati mbili za kuanza: utotoni na wakati wa balehe. Simu ina faida yake hapa. Video ya sekunde 20 ya tukio lenyewe inamsaidia daktari kuliko maelezo ya nusu saa, na ndiyo inayomwongoza kuamua kama kipimo cha umeme wa ubongo kinahitajika.

Huenda hakusikia kabisa, kwa sababu sikio limejaa majimaji tangu mafua ya mwezi uliopita.

Au alisikia vizuri sana, na anajua unamwita kwa sababu wageni wamefika. Mwili wake umeganda kwa woga. Wasiwasi uliopita kiasi huwapata wengi wenye usonji, na kwa mtoto asiyeweza kuueleza hujitokeza kwa sura nyingine: kukataa shule, kuumwa tumbo kila Jumapili jioni, kushikilia utaratibu kwa nguvu zaidi. Utaratibu nao una sura mbili. Mtoto anayepanga vifuniko akiwa ametulia na uso umekunjuka anafurahia, aachwe. Anayegusa kitasa mara nane huku anatetemeka, akiamini asipofanya hivyo mama yake atakufa, anateseka, na mateso hayo yana tiba yake.

Kisa kimoja, sababu tano, na kila moja ina mlango wake wa kuingilia. Ukisema "ni usonji tu", umefunga minne.

Mnyororo mwingine huanzia mezani. Mtoto anakula vyakula vinne tu, kwa sababu vingine vina ute, au chembechembe, au harufu inayomgeuza tumbo. Baada ya mwaka, madini ya chuma yamepungua mwilini. Upungufu huo unaweza kuifanya miguu isitulie usiku. Miguu isipotulia, hakuna usingizi, na zaidi ya nusu ya watoto wenye usonji tayari wana shida ya usingizi. Asiyelala ana hasira zaidi, hasikii vizuri maelekezo, anaumia zaidi kwa kelele. Shuleni wanaona tabia mbaya. Ukitazama tabia peke yake utahangaika miaka, na huenda mwanzo wa kulifungua jambo ulikuwa kipimo cha damu.

Tena kuna tumbo. Kufunga choo, kuharisha na maumivu ya tumbo ni jambo la kawaida kwa watoto hawa, na hapo ndipo tulipokosea sisi. Kuna fahamu ya ndani ya mwili, ile inayokuambia una kiu, una njaa, kibofu kimejaa, jino linauma. Kwa watu wengi wenye usonji fahamu hiyo hufika kwa mwangwi tu, au hufika yote kwa mpigo. Na karibu nusu ya watu wenye usonji hupata shida kuzitambua na kuzitaja hisia zao wenyewe. Ukimwuliza "unajisikiaje?" anakujibu "sijui", naye anasema kweli. Mwulize hivi: tumbo likoje, kifua kikoje, ungependa kuwa peke yako au na mtu?

Hili la hisia lina uzito wa pekee kwa vijana na watu wazima, maana sonona kwao inaweza isiwe na machozi. Inaweza kuwa mtu aliyeacha kile alichokipenda kupita vyote. Kijana aliyejua kila treni duniani akiacha kuzungumzia treni, msishangilie kuwa amekua. Hatari ya kujiua kwa watu wenye usonji ni kubwa kuliko kwa wengine, hata kwa wale wanaoonekana kumudu kila kitu. Kumwuliza mtu waziwazi kama anawaza kufa hakumpandikizii wazo hilo. Kunampa pa kusemea.

Ulemavu wa akili nao huandamana na usonji kwa baadhi: katika takwimu za Marekani za mwaka 2022, ni takriban watoto wanne katika kila 10 wenye usonji waliopimwa. Lakini mtoto asiyesema akipimwa akili kwa kipimo kinachodai aseme, kilichopimwa ni ulimi wake. Kuna pia hali za kijenetiki, kama vile sindromu ya Down, ambazo zinaweza kuwa pamoja na usonji, na daktari anaweza kupendekeza vipimo vya jeni.

Cha kufanya jikoni na sebuleni

Kitu cha kwanza ni daftari. Dada yangu anaandika mistari minne kwa siku: alilala saa ngapi na kuamka mara ngapi, alikula nini, choo, na tukio moja gumu pamoja na kilichotangulia nusu saa kabla. Baada ya wiki mbili kuna jambo huanza kujionyesha lenyewe. Daftari hilo pia linabadilisha mazungumzo ya hospitali. Mzazi anayesema "amekuwa mkorofi" anajibiwa kwa haraka. Anayesema "tangu tarehe 3 anapiga upande wa kulia wa kichwa, nusu saa baada ya kula" lazima asikilizwe.

Cha pili ni kanuni ambayo ningetamani ibandikwe katika kila chumba cha daktari: badiliko la ghafla ni la mwili mpaka ithibitike vinginevyo. Meno, masikio, tumbo, kibofu, kichwa, mfupa ulioteguka, hedhi inayoanza. Hayo yakaguliwe kabla ya kuitaja tabia.

Dawa ya kuondoa usonji haipo. Zipo mbili, risperidone na aripiprazole, ambazo mamlaka ya dawa ya Marekani iliziidhinisha mwaka 2006 na 2009 kwa hasira kali zinazoambatana na usonji kwa watoto. Zinasaidia baadhi yao, na zinaongeza uzito mwilini, hivyo hutolewa kwa ufuatiliaji, tena baada ya kuhakikisha kwamba hasira ile si jino bovu. Yeyote anayekuuzia cha kunywa au cha kumwingiza mtoto kwa njia ya haja kubwa ili "kusafisha" usonji ni wa kukimbiwa. Vimiminika vinavyouzwa kwa ahadi hiyo vimewahi kuwa dawa ya kung'arisha nguo, iliyobadilishwa jina.

Lililomsaidia zaidi mpwa wangu ni kadi. Mtaalamu wa mawasiliano alianza na picha mbili, maji na "imetosha", akaongeza moja moja. Ndugu walihofia kwamba akizoea picha hatasema kamwe. Tafiti zinaonyesha kuwa picha na vifaa vya namna hiyo havizuii usemi, na kwa baadhi ya watoto huusukuma mbele. Sasa ana miaka tisa. Maneno yameongezeka, ingawa siku ngumu bado hurudi kwenye kadi. Mwezi uliopita alikuja nilipokaa, akachomoa kadi mbili kwenye pete inayozishika na kuziweka gotini kwangu moja juu ya nyingine: tumbo, na uso unaolia. Kisha akanishika mkono, akaupeleka mwenyewe upande wa kushoto, chini ya kitovu.